Masikio ya Shwarini

Safari yenyewe tuiache. Mtumweni alipanda chombo, akatapika, akashuka. Wasafiri wote husimulia hayo, na sijaona mtu aliyenufaika nayo. La kusimulia ni alilolikuta Shwarini, nchi ambayo huikuti kwenye ramani kwa sababu wenyewe hawakubali kuchorwa na mtu aliyetumia macho.

Waliomtuma ni watu wa kwao, kisiwa cha Mchangale. Bahari ya Mchangale ilikuwa mgonjwa. Maji yalipata joto msimu mmoja, yakapata tena msimu wa pili, na matumbawe ya hori lao, ule mkono wa bahari uingiao kisiwani, yakapauka yote, yakabaki meupe kama meno. Samaki wakahama. Mtumweni alikuwa fundi wa vihisi, vile vidude vinavyotiwa majini kupima joto, chumvi na sauti ya mwamba. Maana mwamba wenye afya una kelele zake: uduvi wanatatarika, samaki wanaguna, na fundi aliyezoea kusikiliza anaweza kuijua hali ya mgonjwa bila kumgusa. Kazi hiyo aliisomea, na aliipenda kuliko alivyoipenda bahari yenyewe. Lakini Mchangale nzima ilikuwa na kihisi kimoja tu, nacho kibovu.

Habari zikafika kwamba Shwarini wana vihisi visivyo na idadi, kwamba mwamba wao una afya kuupita wowote duniani, na kwamba kila mwaka humwalika fundi wa kigeni aje kuushuhudia. Akishashuhudia, huondoka na masanduku ya vihisi kadiri chombo kinavyoweza kubeba. Siku ya kuagana, Mzee Silima, mwenyekiti wa kamati ya pwani, aliushika mkono wa Mtumweni asitake kuuachia.

"Mwanangu," alimwambia, "usirudi mikono mitupu. Hori hili likifa, na sisi tumekwisha."

Basi alipokanyaga gati la Shwarini, kabla hata hajauliza choo kiko wapi, ofisa alimvisha bangili nzito yenye kitaa cha kijani.

"Kijani, hujambo," ofisa akamweleza. "Manjano, unaumwa. Usiitie majini wala usiiweke penye baridi. Ikizimika, umekufa."

Mtumweni akacheka. Ofisa hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kitaa, na Mtumweni akagundua kwamba tangu washikane mikono yule bwana hakuwa amemtazama usoni hata mara moja.

Mji wa Shwarini umejengwa ufukweni kabisa, lakini nyumba zake hazina dirisha wala tundu upande wa bahari. Madirisha yote yanatazama nchi kavu. Watu wanapopita njia ya pwani hutembea wakiwa wamegeuza nyuso, kama unavyopita penye mtu anayeoga. Na kila kona, kila ukumbi, kila jiko, kuna spika, na kutoka kwenye spika hizo unasikika mtatariko usiokoma, tat-tat-tat, kama vitunguu kwenye mafuta ya moto. Ndiyo sauti ya mwamba, inayoletwa moja kwa moja na vihisi vilivyo baharini. Wenyewe huviita Masikio. Watoto hulazwa kwa sauti hiyo na maharusi hutolewa kwa sauti hiyo. Ikishuka kidogo, soko zima hushusha sauti. Ikipanda, watu hupandisha bei.

Mkuu wa Masikio alikuwa Bwana Mtondoo, mtu mnene mwenye sauti laini na adabu nyingi. Alimpokea Mtumweni ofisini, akamtilia kahawa mwenyewe.

"Sisi, Bi Mtumweni, tuliacha kutumia macho zamani," alisema. "Jicho lina mapenzi na lina chuki. Waweke watu wawili mbele ya jambo moja, kila mmoja atakuja na lake. Sikio la chuma halina shangazi wala shemeji. Ndiyo maana mahakama zetu hazipokei ushahidi wa aliyeona."

"Na mtu akimfumania mwizi chumbani kwake?"

"Kama kihisi cha mlango kinasema mlango umefungwa, basi amefumania nani?" akauliza Bwana Mtondoo kwa upole. "Tulikuwa na mzee mmoja hapa aliyekataa kulielewa hilo. Alihangaika sana, maskini. Siku hizi ametulia."

Mtumweni hakuuliza alitulizwaje. Alichungulia nje ya dirisha, upande wa nchi kavu, akaona nyuma ya ofisi kilima kirefu cheupe kinachong'aa juani. Akauliza kama ni chokaa.

"Ukoga," akajibu Bwana Mtondoo, na uso wake ukakunjamana. "Uchafu unaoota juu ya Masikio na kuyaziba. Tunaukwangua kila wiki, tunautupa pale. Nawe usijisumbue, bibie, masanduku yako yamekwisha kupangwa gatini. Utakaa siku chache, utasikiliza, utasema mbele ya Baraza kwamba umesikia. Basi."

Mtumweni alitoka amefurahi. Siku hiyo aliona kweli amefika kwenye nchi ya watu wanaojua kazi.

Alipewa malazi kwa Bi Kazija, mwanamke wa makamo mwenye mikono isiyotulia. Barazani kwake, penye jua kali, alikuwa ameketi baba yake, Mzee Mbaruku, kwenye kiti cha kamba, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee," akasema Mtumweni.

Mzee kimya. Kazija akainama, akaitazama bangili kwenye mkono wa babake. Taa ilikuwa ya kijani safi.

"Marahaba, anasema," Kazija akajibu. "Leo hajambo kabisa. Siku za mvua ndio huzidiwa, taa inakuwa manjano, inabidi tumweke karibu na makaa mpaka apate nafuu."

Palikuwa na moshi wa udi mwingi, na chini ya udi harufu nyingine, kavu, ya samaki wa ng'onda aliyesahauliwa juu ya paa. Ngozi ya mkono wa mzee ilikuwa imenata kwenye mfupa. Nzi alitua kwenye kope lake, akatembea mpaka kwenye kona ya jicho, akaingia. Mtumweni akafungua kinywa, na Kazija akamuwahi kwa sauti ya chini sana.

"Tukila, dada yangu, usikae mahali utakapouona uso chini ya kofia."

Wakala. Mzee Mbaruku aliwekewa sahani yake ya wali na mchuzi, na baadaye sahani ikaondolewa ilivyo. "Leo kashiba mapema," alisema Kazija, akaifunika kwa kawa. Spika ilikuwa ikitatarika juu ya mlango. Mtumweni alipokwenda kulala alijiambia kwamba kila nchi ina desturi zake, na kwamba yeye hakuja kuchunguza wazee wa watu. Alikuja kuchukua masanduku. Hata hivyo usingizi ulimgomea.

Siku ya Baraza alikuta ukumbi usio na dirisha lolote, viti vyote vimeipa bahari mgongo. Jambo la kujadiliwa lilikuwa zito. Sikio la Kusini, moja kati ya Masikio ya kale kabisa, lilikuwa linafifia siku baada ya siku, na sasa lilikuwa kimya. Katika nchi nzima sehemu hiyo peke yake ndiyo iliyotangazwa mgonjwa, na wajumbe walivaa vitambaa vyeusi mikononi.

Mjumbe mwenye ndevu akasimama. "Mimi nasema tuongeze Masikio pale," alisema. "Lini tumeongeza Masikio na sauti isiongezeke? Mwaka ule wa joto kubwa, sauti ilipoanza kushuka, tulitia mapya maradufu, na mwamba ukapona papo hapo!"

Wakampigia makofi. Mjumbe wa pili akasema ndugu yake amesahau ukoga. Masikio mapya yasiyokwanguliwa ni kazi bure, na huo ukoga wa Kusini ni sugu, unataka chuma. Mjumbe wa tatu, aliyeonekana kijana na mwenye haraka ya kupanda cheo, akapendekeza Sikio la Kusini likatwe kwenye mtandao, kwa kuwa ugonjwa usiosikika haumuumizi mtu. Hapo wakazozana. Wengine waligonga meza, mmoja akalia machozi ya kweli, na wote walipochoka wakageuka kumwangalia mgeni, au tuseme wakaiangalia bangili yake.

"Samahani," akasema Mtumweni. "Kuna aliyeshuka kwenda kuutazama?"

Wajumbe wakatazamana bangili. Spika iliendelea, tat-tat-tat.

"Mgeni wetu hana nia mbaya," alisema Bwana Mtondoo. "Hajui tu. Maji ni baridi, Bi Mtumweni. Anayeshuka taa yake inazimika. Sasa tumtume marehemu, halafu atuletee habari gani?"

Wakacheka kwa kitulizo, wakapitisha kwamba Kusini pakwanguliwe kwa chuma, na kwamba mgeni aende na mashua akashuhudie uponyaji wenyewe. Akirudi, atoe ushuhuda wake na kupewa vyake.

Mashua ya wakwanguaji iliongozwa na wazee wawili waliokaa wameyapa maji mgongo, macho kwenye kioo kilichoonyesha namba. Njiani walisimama mara kwa mara kuvuta Sikio kwa kamba, kulikwangua, na kulirudisha. Mtumweni akasogea kutazama kile kinachodondokea kwenye ndoo. Kulikuwa na utelezi, ndiyo, lakini ndani ya utelezi kulikuwa na vidonge vigumu, vidogo kama vifungo vya shati, vya waridi na vya kahawia. Akaokota kimoja. Kilikuwa na vitundu, na kila kitundu kilikuwa kinajifumba taratibu kwa kukosa maji.

"Haya ni matumbawe," alisema. "Haya ni matumbawe machanga!"

"Ni ukoga, bibie," akasema mzee wa kwanza bila kugeuka.

"Tena una tabia mbaya," akaongeza mwenzake. "Hauoti pengine popote. Unapenda Masikio tu."

Mtumweni akakaa. Kile kilima cheupe nyuma ya ofisi kikamjia machoni, urefu wake na mng'ao wake, na safari hii alikijua ni nini. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, yote kwa wakati mmoja.

Walifika Kusini. Wazee wakavuta kamba ya Sikio lililonyamaza, haikuja. Wakavuta tena, mashua ikainama. "Umeshika mpaka chini," alisema wa kwanza, na akaanza kufunga mtaimbo kwenye upondo mrefu, ule mti wa kusukumia mashua.

Sasa hapa ndipo watu wa Mchangale hupenda kusema kwamba Mtumweni alijitupa bila kufikiri. Si kweli. Alifikiri sana. Alijua taa itazimika, na masanduku yatakwenda na taa. Alimwona Mzee Silima pwani akimshikilia mkono. Lakini aliona pia kwamba akirudi na masanduku yale bila kujua yanasema nini, atakuwa amewapelekea watu wake spika za kuwalaza usingizi. Akavua viatu. Akaruka.

Chini palikuwa pamekufa. Si kwamba palikuwa panakufa. Palikufa siku nyingi, na hakuna aliyeambiwa. Mwamba ulilala mweupe chini ya manyoya ya mwani wa kahawia, kichaka baada ya kichaka, hadi macho yalipokoma, na hapakuwa na samaki hata mmoja. Juu ya maiti hiyo yalisimama Masikio, kila moja kwenye fimbo yake, mengi mno, yamesongamana. Na kila Sikio lilipochukua kipimo lilitoa mlio mdogo, tat. Jirani yake akausikia, akaupeleka mjini kuwa ni habari njema, naye akatoa mlio wake. Tat. Na jirani wa jirani. Ndiyo hiyo sauti ya mwamba. Nchi nzima ilikuwa ikilala na kuamka kwa mashine zinazosikilizana, na kila zilipoongezwa, mgonjwa alizidi kupona.

Katikati ya makelele hayo, Sikio la Kusini lilikuwa kimya kwa sababu lilikuwa limekumbatiwa. Tumbawe la zambarau, lenye ncha za manjano, pana kama sufuria ya shughuli, lilikuwa limeota juu yake pande zote na kulifunika mpaka likaziba. Vijisamaki viwili vilikuwa vinaingia na kutoka kwenye matawi. Katika nchi ile, pahali pekee palipokuwa hai ndipo palipotangazwa kuwa pagonjwa. Mtumweni akaligusa kwa ncha ya kidole, na ndani ya matawi kitu kidogo kikatatarika kwa hasira, mlio mkavu, tofauti kabisa na ule wa mashine. Alipoutazama mkono wake, taa ya bangili ilikuwa imezimika.

Akaibuka akihema. "Mwamba umekufa!" alipiga kelele. "Wote! Uliobaki hai ni huu hapa, huu mnaouita mgonjwa! Wekeni chini hicho chuma!"

Mzee wa kwanza akavua kofia yake polepole. "Mgeni wetu ametutoka," alisema, macho yakiwa kwenye kioo.

"Alikuwa mtu wa watu," akasema wa pili.

"Hakuwa na makuu."

Mtumweni alijipandisha mashuani mwenyewe, maana maiti hapewi mkono. Akamshika mzee wa pili bega, akamtikisa. Mzee akatetemeka, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, akasema kibaridi kimeingia. Kisha wakaendelea na kazi. Mtumweni alining'inia kwenye ule upondo kwa uzito wake wote, nao wakasema mkondo leo una nguvu, wakausukuma chini wawili kwa pamoja. Aliusikia mpasuko wa tumbawe ukipanda kwenye mbao za mashua, chini ya nyayo zake. Sikio likapanda juu limezungukwa na zambarau. Wakalikwangua mpaka likang'aa, wakalirudisha, na palepale namba zikaruka kwenye kioo.

"Kapona," akasema mzee wa kwanza, na machozi ya furaha yakamtoka. "Jamani, kapona."

Mtumweni alitia mikono kwenye takataka, akapapasa mpaka akapata bonge moja lililokuwa bado na rangi, kubwa kama ngumi. Akachota maji ya bahari kwenye ndoo ya kukumbia maji mashuani, akalitumbukiza, akaikumbatia ndoo njia nzima mpaka gatini.

Msiba wake ulitangazwa kwenye spika zote. Baraza lilikutana kumwomboleza, na marehemu akaingia akasimama katikati ya ukumbi, maji yanamchuruzika, ndoo mkononi. Bwana Mtondoo alisoma tanzia kwa uchungu wa kweli. Alisema marehemu aliipenda kazi yake. Alisema marehemu aliusikiliza mwamba wa Shwarini kwa masikio yake mwenyewe na, kabla ya mauti kumfika, alithibitisha kwamba una afya tele.

"Sikusema hivyo!" Mtumweni alipiga kelele.

"Kuhusu zawadi," akaendelea Bwana Mtondoo, "zawadi hupewa aliye hai. Masanduku yatarudi ghalani."

Hapo ndipo Mtumweni alipohisi joto kwenye mkono wake. Bangili ilikuwa imebanwa baina ya ndoo na tumbo kwa muda mrefu, na sasa ilikuwa inawaka tena, kijani kibichi. Akamwendea Bwana Mtondoo, akaiinua mpaka kwenye pua yake. "Tazama basi! Si mnaamini taa? Taa hii hapa!"

Bwana Mtondoo akaitazama ile taa. Halafu, pengine kwa mara ya kwanza tangu utoto wake, macho yake yakapanda mkononi, begani, yakafika usoni kwa mtu. Mtumweni aliona wazi kwamba ameonekana, na kwa muda mfupi alimhurumia mtu yule kama unavyomhurumia aliyeamshwa ghafla. Kisha macho yakashuka.

"Bangili hii ina hitilafu," Bwana Mtondoo aliliambia Baraza. "Ni kipimo cha kwanza kuharibika katika historia ya Shwarini."

Wajumbe wote wakasimama kimya, kuiombolezea bangili.

Mtumweni alikwenda kuchukua mkoba wake. Mjini alipita katikati ya watu, na watu wakampisha bila kumtazama, wakijifunga leso na mashuka kana kwamba upepo umepita. Barazani alimkuta Kazija amesimama, mikono yake imetulia kwa mara ya kwanza, anamkodolea macho.

"Karibu, marehemu," akasema Kazija.

"Unaniona?"

"Nakuona. Spika imesema umekufa, nawe unahema. Na baba..." Akageuka kukitazama kile kiti juani, na taa inayowaka kijani kwenye mkono uliokauka.

"Aliacha kukujibu lini, dada?" Mtumweni akamuuliza taratibu.

"Mvua za mwaka juzi. Nilimwita, akanyamaza. Nikatazama taa, taa ikasema hajambo. Nikajiona mimi ndiye mwenye kosa, kwamba simsikii vizuri." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nisaidie kumtoa juani."

Wakashika kiti huku na huku. Hakikuwa na uzito wa kitu. Wakamweka chini ya upenu, penye kivuli, na Kazija akachuchumaa mbele yake, akaitazama ile bangili bila kuigusa. Ilikuwa manjano kwa muda, halafu ikazimika. Kazija akaketi sakafuni, akapiga ukelele, akalia kilio cha mtu aliyefiwa na babake, kirefu, kibaya, kisichofuata spika yoyote. Milango ya jirani ikafunguka mmoja mmoja. Watu wakatoka wakasimama, wakizitazama spika zao kwanza, kisha wakimtazama yeye. Bibi mmoja akaja akaketi kando yake, akamshika kichwa. Mtumweni aliwaacha hivyo, akashuka gatini na ndoo yake, na hakuna aliyemuuliza kitu, maana wafu hawakaguliwi.

Mchangale walikuwa wamejipanga ufukweni na mikokoteni ya kubebea masanduku. Mzee Silima ndiye aliyeingia majini kumpokea, akachungulia ndani ya chombo, akachungulia tena.

"Vihisi viko wapi, mwanangu?"

"Nilikufa kabla sijapewa," akajibu Mtumweni.

Mzee Silima alidhani ni mzaha, na hakuwa na moyo wa mzaha siku hiyo. Uso ukamwanguka. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, mmoja akasema alijua tangu mwanzo, mwingine akageuza mkokoteni. "Tulikutuma vihisi," alisema mzee. "Umetuletea jiwe kwenye ndoo."

Mtumweni alikuwa amechoka na alikuwa na aibu, na ile aibu ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alishuka na ndoo, akaenda mpaka maji yakamfika kifuani, pale penye mwamba uliopauka, akakwangua mahali pakawa safi, akalifunga lile bonge kwa waya, zambarau ikiwa juu. Ile bangili, ambayo haikukubali kuvuka kiganja, ikazimika. Kwa hesabu ya Shwarini alikuwa amekufa tena. Kando ya bonge akachomeka kile kihisi chao kibovu, alichosafiri nacho mkobani, akakifungua na kukikaza njiani. Kisha akamwita Mzee Silima.

"Njoo utazame."

"Nitazame nini? Kihisi si kitasema?"

"Kitasema. Wewe njoo."

Mzee akavua kofia, akampa mtu. Ilikuwa miaka mingi hajatia uso wake kwenye maji ya hori lile. Wote walikuwa wakingoja vihisi. Akavuta pumzi, akazama. Alipoibuka alikuwa ameshika sikio lake, macho yamemtoka.

"Kuna kitu kimetatarika mle ndani," alisema. "Nimekisikia!"

"Umekiona?"

"Bado."

"Basi rudi chini," akasema Mtumweni.